Mizani na Kiu ya Mtoto Mchanga

Mtoto anazaliwa na kilo 3.25, na siku ya tatu mizani inasoma kilo 3 kamili. Ananyonya, analia kwa nguvu, utosi wake haujabonyea, lakini gramu 250 hazipo. Kwa karibu miaka mia mbili madaktari wa Ulaya, na baada yao wauguzi wa karibu dunia nzima, wamekuwa wakiukuta upungufu huo na kuutafutia maelezo. Kuna walioona njaa, kuna walioona kiu, kuna waliomtupia lawama mama, na wachache wakasema ni jambo la kawaida. Ukiifuata historia ya zoea hili la kumpima uzito mtoto wa siku tatu, linajitokeza jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulipita mbio: mizani haikuletwa wodini ili ipime maji. Ililetwa kupima ukubwa, kisha lishe. Kazi ya kupima maji ilibandikwa juu yake baadaye, na ule uzito wa kuanzia, wa dakika za kwanza baada ya kuzaliwa, haukuhojiwa kwa dhati mpaka hivi karibuni. Ndiyo maana ile asilimia 10, ambayo leo humfanya muuguzi akunje uso na kumwita daktari, ni namba yenye manufaa makubwa lakini yenye nasaba ya mashaka.

Kabla ya mizani, mtoto mchanga alisomwa kwa macho na vidole. Mkunga alitazama kama ngozi inarudi ikifinywa, alipitisha kiganja utosini, alichungulia winda. Kilo hazikuwamo katika usomaji huo, na hata wasomi hawakuzijua. Vipo vitabu vya ukunga vya Ulaya vya karne ya 17 vilivyompa mtoto aliyetimiza miezi tisa uzito wa ratili 12, yaani zaidi ya kilo tano, na makisio hayo yakanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu bila mtu kushika mizani. Mwaka 1753 Johann Georg Roederer wa Göttingen, Ujerumani, aliwapima kweli, akakuta wengi wana ratili sita au saba. Inashangaza kidogo kwamba kosa hilo lilidumu muda wote huo, kwa maana mizani za sokoni zilikuwepo, na wazo la kuupima mwili wa mtu halikuwa geni. Santorio Santorio wa Padua alikwisha kuchapisha kitabu mwaka 1614 akieleza jinsi alivyokaa juu ya kiti kilichofungwa mizanini kwa miaka mingi, akipima anachokula, anachokunywa na anachokitoa, mpaka akathibitisha kwamba sehemu kubwa ya uzito hutoka mwilini bila kuonekana, kwa pumzi na kwa ngozi. Hoja nzima ya mlingano wa maji mwilini imo humo kwa kifupi: kinachoingia, kinachotoka kwa macho, na kinachotoka kwa siri. Ila kiti cha Santorio kilikuwa cha watu wazima.

Kuna jambo jingine la zama hizo ambalo lazima liwekwe mezani, kwa sababu linabadilisha maana ya vipimo vyote vilivyofuata. Mtoto wa Ulaya aliyekuja kupimwa alikuwa, kwa karne nyingi, mtoto aliyenyimwa maziwa ya dang'a. Soranus wa Efeso, tabibu wa karne ya 2, alifundisha kwamba maziwa ya siku za mwanzo ni mazito na mabaya, mtoto aanze kwa asali, na fundisho lake lilitawala vitabu kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Mwaka 1748 William Cadogan, daktari wa Uingereza, alichapisha insha akisema mtoto awekwe kifuani mapema, na nusu ya pili ya karne hiyo ndipo madaktari wakaanza kugeuka. Si Ulaya peke yake. Kiswahili kina neno la pekee kwa maziwa hayo, ishara kwamba wazungumzaji wake waliona mapema kuwa si maziwa kama mengine, lakini kukipa kitu jina si kukikubali: katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki maziwa hayo yalikamuliwa yakamwagwa, na mtoto akapewa maji ya uvuguvugu, ya sukari au ya chumvi kidogo, mpaka maziwa meupe yaje.

Mtu aliyeugeuza uzito wa mtoto kuwa hesabu ya umma hakuwa daktari. Adolphe Quetelet alikuwa mtaalamu wa nyota na wa takwimu huko Brussels, na katika kitabu chake cha mwaka 1835 kuhusu binadamu wa wastani alitoa uzito wa watoto wachanga wa mji ule: kilo 3.20 kwa wavulana, kilo 2.91 kwa wasichana. Humo humo akaandika kwamba uzito hushuka hadi karibu siku ya tatu, na kwamba mtoto haanzi kuongezeka kwa namna ya kuonekana mpaka wiki ya kwanza imepita. Quetelet hakusema ni njaa wala kiu. Aliona mstari unashuka kisha unapanda, akauchora. Waliokuja baada yake hawakuridhika na mchoro. Huko Paris, mwaka 1852, daktari Natalis Guillot alianza kumpima mtoto kabla ya kunyonya na baada ya kunyonya, ili tofauti ya mizani iwe kiasi cha maziwa aliyoyapata. Hapo ndipo swali lilipobadilika. Kwa Quetelet mizani iliuliza mtoto yukoje. Kwa Guillot iliuliza kama titi linatosha, na mama akawa ndiye anayepimwa.

Daktari wa uzazi Pierre Budin alilipa swali hilo taasisi. Mwaka 1892, katika hospitali ya Charité ya Paris, alianzisha kliniki ambako wanawake waliojifungulia hapo walirudi na watoto wao mara kwa mara, watoto wakapimwa uzito na mama wakashauriwa kuhusu kunyonyesha. Ufaransa ilikuwa imeshindwa vitani na Prussia miaka ishirini nyuma, watawala wake waliogopa kwamba watu wanapungua, na kila mtoto aliyekufa kwa kuharisha alihesabiwa kama askari aliyepotea. Mwaka 1894 Léon Dufour akafungua huko Fécamp kituo cha kugawa maziwa kilichoitwa Tone la Maziwa, na mfano huo ukaenea Ulaya, ukafika hata Kongo ya Wabelgiji. Huku kwetu Afrika Mashariki mizani ilikuja kwa njia ya misheni na serikali za kikoloni, kupitia vituo vya mama na mtoto na shule za wakunga kama ile iliyoanzishwa Mengo, Uganda, na wamisionari Albert na Katharine Cook baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye David Morley, akifanya kazi katika kijiji cha Imesi nchini Nigeria, alibuni kadi ya ukuaji ambayo ndiyo babu wa kadi ya kliniki anayoijua kila mzazi wa Tanzania na Kenya. Katika kadi hiyo mstari unakwenda kwa miezi na miaka. Inauliza kama mtoto anakua, na kwa swali hilo imeokoa wengi. Kuhusu siku ya tatu haikukusudiwa kusema lolote.

Wakati huo huo wodi za Ulaya na Marekani zilikuwa zimetengeneza siku ya tatu ya aina yake. Kadiri uzazi ulivyohamia hospitalini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, watoto waliwekwa chumba chao, mbali na mama, wakaletwa kunyonya kwa saa. Frederic Truby King, aliyeanzisha chama chake cha afya ya watoto huko New Zealand mwaka 1907, alihubiri kunyonyesha kila baada ya saa nne na kutonyonyesha usiku, na mafundisho yake yalisafiri katika himaya yote ya Waingereza. Mtoto aliyeletwa kifuani mara tano kwa siku, maziwa yakachelewa, alipungua sana. Akapewa maji yaliyochemshwa au maji ya sukari. Akashiba maji, akanyonya kidogo zaidi. L. Emmett Holt wa New York alikuwa amekwisha kueleza, mwishoni mwa karne ya 19, homa inayowapata watoto wazima kati ya siku ya pili na ya nne ambao hawajapata kitu cha kutosha, homa inayoshuka wakipewa maji au maziwa. Kiu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini tazama mzunguko ulivyokaa: kanuni ya saa ilileta kiu, kiu ikahalalisha chupa ya maji, na wastani wa upungufu uliopatikana katika wodi hizo ukaingia vitabuni kama tabia ya mtoto mchanga, wakati ulikuwa pia tabia ya wodi.

Maelezo ya mwili wenyewe yalikuja polepole, na hapa hadithi inakuwa tamu. Mwaka 1941 Robert McCance na Winifred Young walichapisha huko Uingereza uchunguzi wao juu ya mkojo wa watoto wachanga, wakaonyesha kwamba figo za mtoto haziwezi kuukoleza mkojo kama za mtu mzima. Akikosa maji hana uwezo mkubwa wa kubana matumizi. Miaka ya 1950 Bent Friis-Hansen wa Copenhagen alipima maji yaliyomo katika miili ya watoto wa umri mbalimbali kwa kutumia vialama vinavyochanganyika na maji ya mwili. Ikajulikana kwamba karibu robo tatu ya uzito wa mtoto mchanga ni maji. Kwa mtoto wetu wa kilo 3.25 hayo ni karibu lita mbili na nusu, na sehemu kubwa yake haimo ndani ya seli; iko nje yake, kama akiba aliyotoka nayo tumboni alikokuwa akielea. Akizaliwa, mapafu yanajimwaga maji, figo zinafunguka, na akiba hiyo ya nje huondolewa katika siku chache. Anatoa pia kile kinyesi cheusi cha kwanza. Dang'a nalo, kwa siku ya kwanza, ni vijiko vichache vya chai, na linafaa hivyo hivyo, kwa sababu mwili uko katika kazi ya kutoa maji, si ya kuyapokea. Kwa hiyo zile gramu 250 zina mafungu mawili ambayo mizani haiwezi kuyatenganisha: maji yaliyopaswa kuondoka, na maji ambayo hayakupaswa. Mtoto mmoja akipungua asilimia 8 huenda amefungua mzigo tu. Mwingine akipungua asilimia hiyo hiyo huenda ameanza kukauka.

Asilimia 10 ilitokea wapi basi? Haikutokana na jaribio lililowafuata watoto wazima na kuonyesha kwamba hatari huanzia hapo. Ni mpaka uliowekwa kwa uzoefu, namba kamili inayokumbukika, nje kidogo ya kile ambacho wodi zilikizoea. Takwimu kubwa zilikuja baadaye sana. Utafiti wa Glasgow uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba mtoto wa katikati ya kundi la wanaonyonya hupungua asilimia 6.6, na wa kundi la chupa asilimia 3.5, mnyonyaji hurudia uzito wake wa kuzaliwa baada ya siku 8 hivi, wa chupa baada ya siku 6 na nusu. Mwaka 2015 Valerie Flaherman na wenzake walichapisha michoro iliyotokana na zaidi ya watoto laki moja wa California waliokuwa wakinyonya tu. Kati ya waliozaliwa kwa upasuaji, zaidi ya robo walikuwa wamevuka asilimia 10 kufikia saa 72. Robo nzima ya kundi haiwezi kuitwa wagonjwa kwa sababu tu wamevuka mstari. Wala wa chupa, anayepungua nusu ya mwenzake, hawezi kuitwa kielelezo cha afya kwa sababu tu amejazwa mapema.

Kwa nini upasuaji uongeze upungufu? Sababu moja ni kwamba maziwa huchelewa kwa mama aliyepasuliwa. Nyingine inagusa mzizi wa hoja yangu. Mama wa upasuaji, na mama wengi wa uchungu mrefu, hutundikiwa dripu, na sehemu ya maji hayo humfikia mtoto kupitia kondo. Mwaka 2011 Joy Noel-Weiss na wenzake wa Ottawa, Kanada, walichapisha utafiti wa kina mama 109 ambapo walipima maji waliyopewa mama, wakapima nepi za watoto moja moja, na kukuta kwamba maji mengi kwa mama huandamana na mkojo mwingi kwa mtoto katika saa 24 za mwanzo na upungufu mkubwa zaidi wa uzito. Wakapendekeza uzito wa saa 24 ndio uwe wa kuanzia. Ni pendekezo dogo linalotikisa mambo makubwa. Tangu Roederer, uzito wa kuzaliwa ulichukuliwa kuwa ukweli wa mtoto, na kila kilichopungua hapo kikawa deni. Kumbe siku hizi uzito huo unaweza kuwa na maji ya hospitali ndani yake, na mtoto anayedaiwa gramu 250 hakuwahi kuwa nazo zote.

Msomaji mwenye mashaka atauliza: kama mizani inadanganya hivi, si turudi kwa vidole vya mkunga? Hapana, na pingamizi hili linastahili jibu refu, kwa sababu linasikika la busara na linaweza kuua. Miaka ya 1950 daktari wa Marekani Laurence Finberg alieleza kwa undani hali ya mtoto aliyepoteza maji kuliko chumvi. Chumvi ikizidi katika damu, huyavuta maji kutoka ndani ya seli kwenda nje yake, na damu hubaki na ujazo wake kwa muda mrefu. Matokeo yake ni kwamba dalili ambazo vidole huzitafuta zinachelewa: ngozi inarudi vizuri, mapigo ya moyo ni mema, utosi haujabonyea sana, na nepi huenda bado inalowa kidogo. Mtoto anakuwa mpole. Halii, analala, na nyumba nzima inashukuru kwa kujaliwa mtoto mtulivu, wakati ubongo wake unakauka. Hali hii huwapata zaidi watoto wa uzazi wa kwanza ambao maziwa ya mama yamechelewa, na inaweza kuishia kwa degedege, kuvuja damu kichwani au kifo. Hata kurudishiwa maji kwa pupa huleta uvimbe wa ubongo. Kwa mtoto huyo mizani ndiyo inayosema mapema kuliko kidole chochote. Hoja yangu si kwamba mizani imekosea. Imesema kweli, ni sisi tulioiuliza swali moja na kuandika jibu la lingine.

Pingamizi la pili linatoka upande wetu wa dunia, nalo ni la joto. Inasemekana nadharia za Copenhagen na Glasgow ni za nchi za baridi. Mtoto wa Mombasa au wa Dar es Salaam mwezi wa Februari hutoka jasho, basi lazima apewe maji. Wazo hili si la ujinga, maana Santorio mwenyewe angelikubali: kinachotoka kwa siri kinaongezeka hewa ikiwa ya moto. Lakini lilipimwa. Mwaka 1978 Stig Almroth alichapisha vipimo vya mkojo wa watoto wa Jamaika wanaonyonya bila kupewa maji, akakuta mkojo wao haujakolea kiasi cha kuonyesha ukame; na mwaka 1990, yeye na mwenzake wakapata jibu hilo hilo India, kwenye hewa kavu ya nyuzi 35 hadi 40. Maziwa ya mama ni maji kwa asilimia 87 hivi, na mtoto mwenye kiu hunyonya zaidi. Vipimo hivyo vilifanywa kwa watoto ambao maziwa yameshakuja, na hilo ni la kuzingatiwa: havimhakikishii usalama mtoto wa siku ya tatu ambaye mama yake bado hana kitu. Huyo naye hatibiwi kwa maji matupu, bali kwa maziwa, ya kukamuliwa au ya namna nyingine, na kwa kumsaidia mama titi lishikwe vizuri. Tende iliyolainishwa inayopakwa kwenye kaakaa la mtoto wa Kiislamu baada tu ya kuzaliwa haimo katika mjadala huu. Ni chembe, na ni ibada. Chupa ya maji ya kila saa ndiyo iliyomo. Nayo imekuwa ikiondoka: nchini Kenya watoto wa chini ya miezi sita walionyonya tu bila kitu kingine walikuwa asilimia 13 mwaka 2003 na asilimia 61 mwaka 2014; Tanzania walipanda kutoka asilimia 41 katika uchunguzi wa 2004–05 hadi 59 katika ule wa 2015–16. Ni nadra zoea la nyumbani kugeuka kwa kasi hiyo.

Kinachobaki ni kusoma vyote kwa pamoja, na hapa dalili za zamani zinarudi zikiwa na hadhi mpya. Kinyesi cheusi kinachogeuka kijani kisha njano kufikia siku ya nne au ya tano kinasema maziwa yanapita tumboni. Nepi moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, sita au zaidi mwishoni mwa wiki, zinasema figo zinafanya kazi. Chembe za rangi ya tofali kwenye nepi zinavumilika siku mbili za mwanzo na hazivumiliki siku ya tano. Mtoto anayeamka mwenyewe kudai titi, na ambaye kumeza kwake kunasikika, ana jambo la kumwambia mwenye mizani. Uzito unaoshuka huku hayo yote yakienda vizuri ni habari moja. Uzito huo huo kwa mtoto anayelala mno na ambaye kinyesi chake bado ni cheusi ni habari nyingine kabisa.

Ugumu ni wakati. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 na waonwe tena siku ya tatu. Tanzania, kwa uchunguzi wa 2022, wajifunguao kituoni walikuwa asilimia 81, ongezeko kubwa kwa kizazi kimoja, lakini vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo na wengi hurudi nyumbani siku inayofuata. Uzito wa kwanza unaandikwa kwenye kadi chumba cha kujifungulia, dakika chache baada ya kitovu kukatwa, na kwa mama aliyetundikiwa dripu unaandikwa pamoja na maji yake. Unaofuata, mara nyingi, huandikwa siku ya saba au baadaye, mtoto akiwa tayari anapanda. Siku ya tatu, pale mstari wa Quetelet unapogusa chini, mtoto yuko nyumbani, ndani ya khanga, na anayemsoma ni bibi yake.